Aliyemkasirisha Ngege

Kasim alipofika mwaloni, penye mitumbwi ya wavuvi, asubuhi ile hakushuka kwenye pikapu kwa makelele kama ilivyokuwa desturi yake. Alishuka polepole, akafunga mlango taratibu, akaenda kuegemea mtumbwi uliopinduliwa mchangani. Wachuuzi wenzake walidhani kafiwa.

"Sijafiwa," alisema walipomuuliza. "Nimetukanwa."

Kasim alikuwa mchuuzi wa samaki kutoka Kakoba, mjini Mbarara, mtu mnene mwenye kofia nyeupe ya kufuma isiyopata doa hata katikati ya magamba. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akija Ziwa Nakivale kununua samaki aina ya ngege, na kila mtu mwaloni alijua kwamba binti yake, Mastulah, anaolewa muda mfupi baada ya Idi. Ambalo hawakulijua ni lililotokea Jumapili iliyopita, wakwe walipokuja kujitambulisha. Wakwe hao walitoka Katwe, kwenye Ziwa Edward, ukoo mzima wa wavuvi. Kasim aliwapikia samaki, maana mchuuzi wa samaki atawapikia wageni nini kingine? Basi ami yake bwana harusi, mzee mmoja kipande cha mtu aitwaye Wahabu, alifunua sinia, akamnyanyua ngege mmoja kwa mkia, akamgeuza huku na huku mbele ya watu, kisha akauliza kwa sauti ya upole kabisa: "Bwana Kasim, huyu mama yake yuko wapi? Maana naona tumeletewa mtoto."

"Nyumba nzima ilicheka," Kasim alisema. "Dada zangu walicheka. Mke wangu alicheka, ingawa anaapa hakucheka. Halafu yule mzee akaniambia nisisumbuke, siku ya harusi watakuja na samaki wao kutoka Katwe. Samaki wao! Nyumbani kwangu! Harusi ya mwanangu!"

Benon, kiongozi wa mtumbwi mkubwa kuliko yote pale mwaloni, alikuwa akikunja nyavu zake. Alikuwa mwenyeji, Mnyankore, mrefu na mkavu kama mlingoti, na Kiswahili chake alikiokota barabarani alipokuwa utingo wa lori.

"Pole, Kasim," alisema. "Lakini wewe pokea tu hiyo samaki yao. Hii ziwa yetu imekwisha. Samaki kubwa ilikufa zamani, imebaki hii kidogo-kidogo."

"Habakufa."

Neno hilo lilitoka chini, kwenye rundo la magamba. Mwavita alikuwa amechuchumaa pale na kisu chake, akiwapara samaki wa wachuuzi kama alivyofanya kila siku, na hakuna aliyekumbuka kwamba anasikia.

"Bale bakubwa beko," aliendelea, kisu kikiwa kimesimama. "Beko fasi yabo. Nyie munabatafuta fasi haiko yabo."

Benon alicheka. "Mama Feza, mimi niko na nyavu. Wewe uko na kisu. Nani anajua samaki?"

Wanaume wakacheka naye. Pengine Mwavita angenyamaza, maana alishazoea. Lakini neno lile, kwamba ziwa limekwisha, lilimkera kama mwiba chini ya ukucha. Alimtazama Kasim.

"Harusi ni lini?"

"Jumamosi. Si hii, ijayo."

"Tayarisha masinia," Mwavita alisema. "Masinia makubwa."

Alirudi kupara samaki wake kana kwamba hakusema kitu, na ni alipokuwa njiani kwenda nyumbani jioni, ndoo kichwani, ndipo moyo ulipomwuliza: ewe Mwavita, umesema nini?

Alikuwa mtu wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Zaire. Vita vilipoingia kwao alikimbia na mumewe na binti yao Feza, wakazunguka na njia hadi wakapokelewa Nakivale kama wakimbizi. Mume alikuja kufa kwa homa. Feza aliolewa Rwekubo, penye maduka. Mwavita akabaki na kijumba chake, shamba la maharagwe, kisu cha kuparia, na siri moja.

Siri yenyewe ilikuwa kighuba kidogo nyuma ya mafunjo, mahali alipokwenda alfajiri kuosha vyombo. Nyavu hazikufika huko, kwa sababu miti ya zamani ilikuwa imezama pale na matawi yake yalichana kila kilichopita. Lakini ukikaa juu ya jiwe kabla upepo haujaamka, jua likiwa bado chini, ungeona maji mpaka chini. Na chini mchangani palikuwa na vishimo vya mviringo, visafi kama sahani zilizotoka kuoshwa. Katika kila kishimo alikuwemo ngege mmoja mweusi mpana, mapezi yake yana wekundu pembeni, anazunguka, anazunguka, haendi mbali. Mwavita alikuwa akiwatazama hao tangu mvua zianze. Hakumwambia mtu. Hakuna aliyemwuliza, na zaidi ya hapo, alipenda kuwa na kitu chake.

Baba yake, Mzee Kalonda, alikuwa na sifa Baraka nzima kwa kuvua sangala bila chambo cha kuliwa. Alifunga unyoya mweupe wa jogoo kwenye ndoana, akauburuta nyuma ya mtumbwi kwa kasi, na sangala waliukimbilia kama watoto wanaokimbilia gari. Basi kesho yake Mwavita alikata mwanzi mrefu, akafumua uzi wa nailoni kutoka kwenye wavu uliotupwa, akamkamata jogoo wa jirani kwa ruhusa, akachomoa unyoya.

Siku ya kwanza unyoya ulianguka chubwi! katikati ya kishimo, na ghuba nzima ikawa tupu kama uwanja wa soko uliopigwa na mvua. Siku ya pili aliurusha mbali na kuuvuta kwa kasi kama baba. Ngege walisimama wakautazama unapita, kama watu barazani wanavyomtazama mpanda baiskeli asiyewahusu, kisha wakarudi kwenye shughuli zao. Akajaribu mnyoo wa ardhini. Wadogo walikuja mbio, wakagombana, wakanasa. Wakubwa hata hawakugeuka.

Habari haikukawia kufika mwaloni. Benon alimpa jina: Mama wa Manyoya.

"Nyabo, mama yangu, leo umeshika ngapi?" alimwuliza mbele ya wenzake. "Ama kuku tu ndiyo imebaki bila nguo?"

Mwavita alicheka nao, maana lilichekesha kweli. Lakini usiku alilala na hasira, na asubuhi aliamka na swali. Ikiwa wale wakubwa hawali, wanafanya nini pale siku nzima?

Jibu lilikuja akisugua sufuria. Alikuwa akikwangua masizi kwa kipande cha bati la kopo la sardini, kikamponyoka, kikazama kikiyumba na kumetameta, kikatua ndani ya kishimo kilicho karibu na jiwe. Aliinama kukifuata kwa macho. Ngege mwenye kishimo akaja. Akakikabili kile kipande cha bati, mapezi yamesimama. Akakibana kwa midomo, akakibeba hadi nje ya mduara wake, akakitema, puu! Kisha akarudi kwake na kupepea mchanga kwa mkia kama mtu anayefagia nyayo za mgeni.

Mwavita alisahau sufuria. Akatupa kijiti. Kikabebwa, kikatupwa nje. Akatupa kokoto. Nayo ikatolewa. Akatafuta mfukoni, akapata punje ya mahindi ya kuchemsha, chakula kitamu kabisa, akaitupa. Yule ngege akaibeba punje kwa dharau ileile na kuitema mlangoni.

"Hali!" Mwavita alisema kwa sauti, peke yake, akiwa na povu mpaka viwikoni. "Hali huyu! Anafagia!"

Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alimkumbuka jirani mmoja wa Baraka, marehemu bibi Nambuza, ambaye kuku akikanyaga tu ua wake alitoka na ufagio, hata kama yumo katikati ya kula. Mtu wa namna ile humwiti kwa kumwandalia ubwabwa. Unamkanyagia ua.

Siku hiyo hakwenda mwaloni. Alikata bati la sardini kipande kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, akakipinda kidogo kiwe na tumbo kama kijiko, akakitoboa kwa msumari. Nyuma akafunga ndoana ndogo, na juu ya ndoana uzi mwekundu wa sufi aliouchomoa kwenye sweta kuukuu, mwekundu kama yale mapezi, ili mwenye nyumba aone kwamba si takataka tu iliyoingia bali dume mwenzake. Alivua kitenge chake cha njano, akavaa nguo nyeusi. Alfajiri alikwenda akakaa chini kabisa nyuma ya mafunjo, mahali ambapo kivuli chake kiliangukia nchi kavu.

Hakurusha juu ya kishimo. Alirusha ng'ambo yake, mbali, akakiacha kibati kizame, kisha akakivuta taratibu, taratibu, kama konokono anayetembelea ndugu, hadi kwenye ukingo wa ule mduara. Hapo akakiacha kitulie. Akahesabu pumzi zake. Akakitikisa kidogo tu.

Ngege akaja. Mwavita aliona midomo ikifunguka, kibati kikapotea ndani, na kabla mkono wake haujapata habari, kikawa kimetemwa nje.

Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu vilevile. Asubuhi nzima alitemwa kama tambuu. Lakini hakukata tamaa, kwa sababu sasa alijua anakosea wapi. Samaki mwenye njaa humeza, nawe unasubiri. Huyu hamezi. Anashika kwa muda uleule ambao mtu angeshika uchafu wa mwenzake, basi. Ukingoja uzi uvutwe, umechelewa. Lazima umshike wakati anabeba.

Kesho yake alipitisha uzi juu ya kidole cha shahada, akafumba macho ili kidole kipate akili. Kibati kikafika ukingoni. Kikatulia. Akakitikisa. Uzi haukuvutwa. Ulisogea tu upande, kidogo, kama unywele unaopeperushwa. Mwavita akainua kiganja, kiganja peke yake, si mkono.

Mwanzi ukapinda hadi ncha yake ikanywa maji. Yule ngege akageuka na kuelekea kwenye miti iliyozama, na Mwavita akajua kwamba akifika huko, kwaheri. Aliingia majini na nguo zake, hadi kiunoni, akimzunguka, akiushika mwanzi juu kwa mkono mmoja na kuutanda uzi kwa mwingine. Maji yalichafuka. Kitu kizito kilimpiga pajani. Akautupa mwanzi, akajiangusha mzimamzima, akamkumbatia samaki kifuani kama mtoto anayegoma kuogeshwa, akatoka naye akitambaa kwa magoti.

Alikaa kwenye tope na kumpima. Kichwa kilikuwa kwenye kiwiko chake na mkia ulipita ncha za vidole. Upana wake ulizidi viganja viwili.

"Papa," alisema kumwambia baba yake, aliyekuwa amelala Baraka miaka mingi. "Ona, papa!"

Alijenga zizi la matete ukingoni, matete yaliyokitwa karibu-karibu, maji yakipita katikati, ili samaki wakae hai mpaka siku yao. Kila alfajiri aliongeza wawili, siku nyingine watatu. Alijifunza kwamba upepo ukikoroga maji, bati halionekani na ni afadhali kulisugua hadi ling'ae. Jua likiwa kali, bati linatisha na ni afadhali kulifukiza moshi. Alijifunza kutovua kishimo kimoja mara mbili kwa siku, maana mwenye nyumba aliyekoswa hukasirika mara ya kwanza, lakini ya pili hutia shaka. Siku moja alinasa jike, ambaye alipomshika alifungua kinywa, na ndani yake, kama mbegu za ulezi, vikamwagika vichanga. Mwavita alimrudisha majini haraka na kumwomba radhi. Nyumba ya dume ingepata dume mwingine kesho. Lakini mama mwenye watoto mdomoni, yule alimwacha.

Alhamisi, harusi ikiwa keshokutwa, zizi lilikuwa limejaa.

Ijumaa alfajiri alikuta limefumuliwa. Matete yalikuwa yamelala ubavu, mengine yamekanyagwa hadi topeni, na nyayo pana za vidole vinne zilipanda kutoka majini kwenda kwenye majani. Kiboko alikuwa amepita kwenda malishoni, hakuona hata kwamba amepita juu ya kitu. Na sasa alikuwa amerudi, yumo katikati ya kighuba, masikio na pua tu juu ya maji, akipumua kama mvukuto wa mhunzi.

Mwavita alikaa chini. Hakulia. Aliona aibu tu ikija kutoka mbali, kama mvua inavyoonekana ikija upande wa pili wa ziwa.

Ndivyo Benon alivyomkuta. Alikuwa amekuja kutazama, kwa sababu mwaloni walikuwa wakisema yule mama amefuga samaki, naye alikuwa tayari na mzaha mwingine mdomoni. Aliona matete. Aliona nyayo. Kisha akaona, kwenye pembe moja ya zizi iliyokuwa imebaki imesimama, ngege mmoja aliyeshindwa kutoka. Benon aliinama. Aliweka mkono wake majini pembeni ya samaki yule, akautazama mkono, akamtazama samaki.

"Banange," alisema mwisho, taratibu. "Hii ilikuwa hapa? Hapa?"

"Bote balikuwa hapa," Mwavita alijibu. "Sasa kiboko amebafungulia mulango."

Benon alisimama, akajikuna shingo, akatazama ziwa alilovua tangu ujana wake kama mtu anayetazama nyumba yake na kukuta ina chumba asichokijua.

"Mama Feza," alisema. "Ile mtumbwi yangu kidogo inabeba watu wawili."

"Kiboko iko humu. Hatuwezi."

"Si hapa. Iko fasi ingine," Benon alisema, akitumia neno la Mwavita bila kujua. "Upande ule ya kilima. Miti ilianguka mingi ndani ya maji. Ilinipasulia nyavu mbili, sikurudi tena."

Mwavita alikuwa tayari ameokota mwanzi.

Mwavita hakuwahi kuvua mahali pale hata siku moja. Walipokaribia, alimwambia Benon aache kupiga kafi, wausukume mtumbwi kwa mkono kwenye mafunjo, wasigonge ubao. Alilala kifudifudi kwenye pua ya mtumbwi na kuchungulia. Maji, tope, tawi, kivuli. Kisha, penye kina cha kufika kifuani, kando ya mti mnene uliozama: sahani. Na sahani. Na sahani nyingine, hadi macho yalipokoma, na katika kila moja dume lenye mapezi mekundu, kubwa kuliko yale ya kighuba chake, ambalo hakuna mwanadamu aliyewahi kulisumbua.

"Unaona nini?" Benon alinong'ona.

"Mji," Mwavita alijibu.

Alimpa mwanzi wa pili na kibati cha akiba. Benon alikuwa na mikono ya nyavu, mikono iliyozoea kuvuta kama anayevuta ng'ombe shimoni. Mara ya kwanza alipoguswa alivuta hivyo, na kibati kikaruka kikamgonga sikio. Mara ya pili kikanasa kwenye funjo nyuma yake. Mwavita alikuwa amekwisha kuingiza wanne mtumbwini.

"Kiganja, papa Benon. Kiganja tu. Kama unafukuza nzi kwa mutoto mwenye kulala."

"Sioni ikivuta!"

"Haivute. Inasogea. Iko inabeba uchafu yako nje. Wewe ni uchafu, unaelewa? Kubali kuwa uchafu!"

Benon alikubali. Alifumba macho, midomo yake ikitetemeka kama ya mtu anayesali, na uzi ukasogea, na kiganja kikainuka, na mtu mzima mwenye mvi, baba wa watoto wakubwa, akapiga yowe ambalo kiboko aliyekuwa ng'ambo nadhani alilisikia. Alimwingiza samaki wake, akamlaza mapajani, akamfuta tope usoni kwa kidole gumba. Hakusema mzaha wowote. Alitaka kurusha tena tu.

Walirudi mwaloni jua likiwa kali, mtumbwi umezama majini karibu hadi ukingo wake kwa uzito. Watu walikuja mmoja mmoja, kisha wote. Kasim, aliyekuwa amefika na pikapu akiwa na sura ya mtu aliyeitwa mahakamani, alivua kofia yake nyeupe, akaitazama ile shehena, akaivaa tena nyuma mbele.

"Subhanallah," alisema. "Dada Mwavita. Subhanallah."

"Usisimame kama mutu wa kupigwa picha," Mwavita alimwambia. "Leta majani ya maji. Baoze hapa?"

Waliwafunika kwa mafunjo mabichi na magunia yaliyoloweshwa. Mwavita alikaa mbele, kati ya Kasim na Benon, ambaye hakualikwa na hakuna aliyemwuliza. Rwekubo walisimama kumchukua Feza, akaona shehena, akapanda nyuma na kukaa juu ya samaki wa mama yake kama mtu aliyekalia kiti cha enzi, akiwapungia mkono watu wote wa madukani.

Jumamosi nyumba ya Kasim, Kakoba, ilijaa hadi barabarani. Turubai lilitandwa uani, mikeka ikatandikwa, wanawake jikoni wakiongozwa na Hajati Saudah, dada mkubwa wa Kasim, ambaye alipowaona wale ngege alitaka kuwakata vipande.

"Nisamehe, mama Hajati," Mwavita alisema. "Ukimukata, nani atajua alikuwa mukubwa?"

Hajati alifikiri. Kisha akatuma watu wakaazime mabati ya kuokea mikate kwa mwoka mikate wa jirani, maana hakuna sufuria nyumbani iliyowatosha. Walichomwa wazima, wakamwagiwa mchuzi wa nyanya na limau, na kila mmoja akalazwa katika sinia lake, kichwa kikigusa ukingo huu na mkia ukigusa ule.

Watu wa Katwe waliwasili na kapu kubwa lililobebwa na vijana wawili. Mzee Wahabu alitangulia, kanzu yake imepigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Aliamkiana na Kasim kwa heshima zote, akaonyesha kapu, akasema, "Tumekuja na kitoweo kidogo, mkwe wangu, msije mkapata taabu."

"Ahsante sana, mzee wangu," Kasim alisema. "Lakini kaa kwanza. Onja chetu."

Sinia likaja, limefunikwa. Ua mzima uligeuka kutazama, kwa sababu kila mtu alikuwa amesikia habari ya ule mzaha. Mzee Wahabu aliinua kifuniko.

Akakirudisha. Akakiinua tena.

"Hawa mmewanunua kwetu Katwe," alisema.

"Mzee, mwulize aliyewavua."

Wakamwita Mwavita kutoka jikoni. Alikuja akijifuta mikono, moshi machoni, na macho ya watu wote wale yakamtua kwa pamoja. Kwa kitambo kidogo alitamani kuwa chini tena kwenye magamba yake. Mzee Wahabu alimtazama, lakini zaidi alimtazama samaki, kwa kuwa alikuwa mvuvi kweli, na mvuvi hawezi kumdanganya mvuvi. Alikigeuza kichwa cha ngege kwa kidole, akachunguza mapezi, akachunguza mashavu, kisha akafika mdomoni na kusimama.

"Hakuna alama ya wavu," alisema polepole. "Ndoana. Pembeni mwa mdomo." Alijivuta hadi sinia la pili, akafunua, akachungulia. La tatu. "Wote pembeni mwa mdomo. Mama, huyu dume aliyekaa nyumbani kwake hali chambo. Nimemjaribu miaka yangu yote. Ulimpa nini?"

"Sikumupa kitu," Mwavita alisema. "Nilimukasirisha."

Kwanza Hajati Saudah alicheka, halafu jiko zima, halafu ua mzima kuanzia mikeka ya mbele hadi watu waliosimama barabarani. Mzee Wahabu alicheka kuliko wote. Alicheka mpaka akashika ubavu wa kanzu yake. Kisha akasimama, akawageukia vijana wake.

"Lile kapu," alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "lirudisheni garini. Hatuwezi kuwaaibisha watu wetu."

Vigelegele vilivyopaa hapo viliwafanya watu watoke kwenye maduka kutazama. Kasim alikuwa akilia waziwazi na kuwapa watu mkono bila kuwatazama ni nani. Benon, aliyeketi kati ya wageni wa heshima hakuna ajuaye vipi, alikuwa tayari akimweleza jirani yake habari ya kiganja, akionyesha kwa kijiko. Na Mzee Wahabu alimwomba Mwavita, kwa unyenyekevu wa mtu mkubwa, amruhusu afike Nakivale mwezi ujao aone kwa macho yake.

"Karibu kwetu," Mwavita alimjibu. Akasikia alivyolitamka lile neno, kwetu, na hakulirekebisha.

Alirudi jikoni. Alikuwa hajakaa kwenye kigoda vizuri, mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia bibi harusi mwenyewe, Mastulah, hina imemfika viwikoni, shela amelikusanya begani kama mtu anayevuka mto.

"Shangazi, njaa inaniua," alimwambia Hajati. "Tangu asubuhi mnanipamba tu. Kule mbele wanakula, mimi natazamwa."

"Mwanangu, nguo yako!"

"Nguo itafuliwa. Yuko wapi huyo ngege?"

Mwavita alisogeza kigoda chake, akampa. Akavuta sinia lililobaki, akabandua minofu ya tumboni, ile laini yenye mafuta, akaitoa miiba kwa vidole, akamlisha bibi harusi mdomoni kipande baada ya kipande, mkono mwingine ameukinga chini ili mchuzi usidondoke kwenye hariri. Mastulah alikula amefumba macho. Feza alikuja akakaa, kisha Hajati, kisha wanawake wote wa jikoni, wakalizunguka sinia hadi magoti yakagusana, wakachokoa mashavu, wakafyonza mapezi, wakagombania kichwa, na nje ngoma zikaanza.

"Mama Feza," Hajati alisema akilamba vidole, "wanakuita ukacheze."

"Bangoje," alisema Mwavita, kinywa kimejaa. "Sijamaliza."